Fundo na Pacha Wake wa Kiooni: Dhana ya Miaka 88 Yaanguka

Mwishoni mwa mwezi wa Juni mwaka wa 2025, wana-hisabati wawili wa Chuo Kikuu cha Nebraska huko Marekani, Mark Brittenham na Susan Hermiller, walitoa makala yaliyowashangaza mabingwa wenzao kote duniani. Maudhui yake ni mafundo ya kamba. Walionyesha kwamba yapo mafundo mawili ambayo kila moja peke yake halifunguki ila kwa hatua tatu, lakini yakifungwa pamoja kwenye kamba moja hufunguka yote mawili kwa hatua tano. Tatu na tatu, chuoni na sokoni, ni sita. Na sita ndiyo hesabu ambayo wengi waliitarajia tangu mwaka wa 1937, Mjerumani Wendt alipoandika juu ya hatua hizo. Kwa muda wa miaka 88 dhana hiyo ilisimama, wala hakutokea wa kuithibitisha wala wa kuiangusha.

Habari hii imefika hata kwetu pwani, na kama ilivyo desturi ya habari zinazosafiri, imefika imetiwa chumvi. Nimeulizwa na zaidi ya mtu mmoja: ikiwa tatu na tatu zimekuwa tano, basi ile mizani kubwa ya kupimia mafundo iliyotoka kwa wanafizikia, waiitayo nadharia ya geji, nayo si imevunjika? Jibu langu ni la, haikupata hata ufa. Dhana ndiyo iliyoanguka, na mizani hiyo haikupata hata siku moja kuidhamini dhana hiyo. Zaidi ya hayo, ukiifahamu mizani yenyewe utaona kwamba mahali walipopenya hao Wamarekani ndipo pale pale ambapo mizani husoma sufuri. Nataka niyaeleze hayo taratibu, kwani mtu aliyewahi kushika kamba aweza kuyafahamu bila ya kupita chuo kikuu.

Tuanze na fundo lenyewe. Baharia akifunga fundo, ncha za kamba hubaki huru, na ndiyo maana kila fundo lake laweza kufunguliwa: ncha hurudishwa ilikotoka. Mwana-hisabati hataki mlango huo uwe wazi. Yeye akisha kufunga huziunganisha ncha zote mbili, kamba ikawa pete isiyo na mwanzo wala mwisho. Kisha huuliza: je, kwa kuvuta, kusokota na kulegeza, bila ya kukata, pete hii yaweza kurejea kuwa pete tupu? Ikiwa yaweza, hapakuwa na fundo. Ikiwa haiwezi, basi fundo limo ndani ya kamba milele.

Fundo dogo kabisa la kweli lina mipishano mitatu, yaani mahali patatu ambapo kamba inapita juu ya kamba. Sasa ndipo inapoingia hatua. Hatua moja ni kuuchagua mpishano mmoja, kuikata kamba iliyo juu, kuipitisha chini, na kuiunga tena. Fundo la mipishano mitatu hufunguka kwa hatua moja tu. Idadi ndogo kabisa ya hatua zinazotosha kulifungua fundo ndiyo nitakayoiita hesabu ya kufungulia.

Nilipomweleza hayo mzee mmoja aliyekuwa nahodha wa jahazi, alicheka, akaniambia, "Mwanangu, hao wamesoma sana ili wafike pale pale pa baharia aliyekasirika: kisu."

Nikamjibu, "Mzee wangu, wao huhesabu kisu kimetumika mara ngapi."

Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Na watajuaje kwamba haikuwezekana kwa mara chache zaidi?"

Hilo ndilo swali, na maprofesa wengi hawakulitamka kwa uwazi kama alivyolitamka mzee yule. Kuonyesha kwamba fundo hufunguka kwa hatua tano ni kazi ya mikono: zionyeshe hizo hatua, mwenzako azifuate, yamekwisha. Kuonyesha kwamba halifunguki kwa hatua nne ni kazi ya namna nyingine kabisa. Mtu aweza kuhangaika na fundo mwaka mzima akashindwa, na kushindwa kwake kusiwe ushahidi wa kitu chochote ila uchovu wake. Huenda njia ipo na yeye hakuiona.

Hata kutenganisha fundo hili na lile kuliwatoa jasho watu wa zamani. Mskoti Peter Guthrie Tait, katika karne ya kumi na tisa, alianza kuyaorodhesha mafundo kwa mkono, moja moja. Kilichompa hamu ni wazo la rafiki yake William Thomson, aliyekuja kuitwa Lord Kelvin, aliyedhani mwaka wa 1867 kwamba kila atomu ni fundo katika etha, kile kitu walichoamini kuwa kimeujaza ulimwengu. Wazo la etha likafa. Orodha za Tait zikabaki, na wanafizikia wakawaachia watu wa hesabu mafundo yao. Ilipita karne nzima kabla ya fizikia kurudi mlangoni kubisha hodi, na iliporudi ilikuja na nadharia ya geji mkononi.

Neno hilo lisimtishe mtu. Ni neno lile lile la herufi ya mwisho kabla ya R katika SGR, reli iliyoanza kubeba abiria baina ya Mombasa na Nairobi mwaka wa 2017. Maana yake ni kipimo, na kwa reli ni upana baina ya vyuma viwili: milimita 1,435 kwa reli mpya, na 1,000 kwa ile ya zamani. Aliyeliingiza wazo hilo katika fizikia ni Mjerumani Hermann Weyl, mwaka wa 1918, alipouliza itakuwaje ikiwa kila mahali ulimwenguni pana kipimo chake.

Mimi hupenda kulieleza kwa pishi. Tuseme kila bandari, kuanzia Lamu hadi Kilwa, ina pishi yake, na kila mji una hiari ya kuibadili pishi yake utakavyo. Hakuna pishi iliyo ya haki kuliko nyingine. Mfanyabiashara anayepeleka mchele kutoka bandari hii hadi ile hana haja ya pishi moja ya ulimwengu mzima. Haja yake ni kanuni ya kubadilishia tu, yaani kumi za hapa ni ngapi za pale. Sasa tuseme amezunguka bandari kadhaa bila ya kuuza wala kununua, akarudi alikoanzia, na daftari lake kwa kufuata kanuni hizo likamwambia kwamba ana pishi kumi na moja, ilhali aliondoka na kumi. Ile iliyozidi haikutoka katika pishi ya mji wowote. Hata miji yote ikibadili pishi zake usiku wa leo, na kanuni zikarekebishwa kufuata, kesho mzunguko ule ule utazidisha sehemu ile ile, moja juu ya kumi. Hicho kinachobaki baada ya mzunguko, ambacho hakuna mji unaoweza kukifuta kwa kubadili pishi, ndicho wanafizikia wanachokitambua kuwa ni nguvu.

Umeme na sumaku ni nguvu ya aina hiyo. Mwaka wa 1954 C. N. Yang na Robert Mills, huko Marekani, waliandika milinganyo ya namna hii kwa kanuni zilizo tata zaidi, ambazo ukizitumia kwa mpango tofauti jawabu hubadilika. Na kuna jambo ambalo nadra kusimuliwa: miaka hiyo hiyo, Cambridge, mwanafunzi aitwaye Ronald Shaw aliifikia milinganyo ile ile peke yake katika tasnifu yake, na mwalimu wake alikuwa kijana wa Kipakistani, Abdus Salam. Ni Salam huyo huyo ambaye mwaka wa 1979 alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Sheldon Glashow na Steven Weinberg, kwa kuiunganisha nguvu ya umeme na mojawapo ya nguvu za ndani ya kiini cha atomu kwa njia ya geji. Mwaka wa 1964 alikuwa amekwisha kufungua kituo huko Trieste, Italia, ili wanasayansi wa nchi maskini wapate mahali pa kusoma na kukutana; kituo hicho leo kina jina lake. Kila niambiwapo kwamba elimu hii ni ya Wazungu peke yao, hulitaja jina hilo kisha nikanywa kahawa yangu.

Daraja baina ya fizikia hiyo na topolojia, yaani elimu ya maumbo yanayovutika bila ya kukatika, lilikuwa na wajenzi wengi, lakini msimamizi wao alikuwa Michael Atiyah. Baba yake alikuwa Mlebanoni, na utoto wake ulipita Khartoum na katika shule ya Cairo kabla ya kwenda Uingereza. Huko Oxford mmoja wa wanafunzi wake alikuwa Simon Donaldson. Mnamo mwaka wa 1982 Donaldson, akiwa bado mwanafunzi, aliichukua milinganyo ya Yang na Mills akaacha kuiuliza chembe zinakwendaje. Aliiuliza jambo jingine: ikitandazwa juu ya anga la pande nne, ina majawabu gani, na hayo majawabu yote yakikusanywa yana umbo gani? Akagundua kwamba umbo la majawabu hufichua siri ya anga lenyewe, kama fundi wa ngoma anavyotambua kwa mlio tu kwamba ngozi imetatuka. Kazi hiyo ilipowekwa pamoja na ya Mmarekani Michael Freedman, ikatoka ajabu ambayo hadi leo haijazoeleka. Anga la kawaida la pande moja, mbili, tatu, tano, sita na kuendelea lina namna moja tu ya ulaini. La pande nne peke yake lina namna zisizo na idadi. Wote wawili walipewa Nishani ya Fields mwaka wa 1986.

Pande nne za nini? Tatu ni hizi za chumba: urefu, upana na kimo. Ya nne, kwa haja yetu ya leo, ichukulie kuwa ni wakati. Na hapa ndipo fundo linapopanda juu ya mizani.

Itazame pete yenye fundo ikifunguliwa hatua kwa hatua, kama picha za sinema. Zipange picha zote, moja juu ya nyingine. Kamba iliyokuwa ikisogea muda wote huo imefuma utando, na mwisho, pete ilipokuwa tupu, utando umezibwa kama kifuniko. Kila mara kisu kilipotumika, utando ulijikata wenyewe mahali pamoja. Mkato kama huo waweza kuondolewa, lakini kwa gharama: badala yake unaweka kishikio kimoja, mfano wa kishikio cha kikombe. Kwa hiyo fundo lililofunguliwa kwa hatua tatu huwa na utando wenye vishikio visivyozidi vitatu. Geuza sasa maneno. Ukithibitisha kwamba utando wa fundo fulani hauwezi kabisa kuwa na vishikio vilivyopungua vitatu, umethibitisha kwamba hatua mbili hazitoshi, hata aje fundi gani na kisu gani. Mzee wangu nahodha amepata jibu lake.

Lakini nani ataweza kuzihesabu tando zote ziwezekanazo katika pande nne? Hakuna. Milinganyo ya geji ndiyo inayofanya kazi hiyo bila ya kuzitazama moja moja. John Milnor alikuwa amebahatisha mwaka wa 1968 hesabu ya kufungulia ya mafundo yanayopatikana kwa kuzungusha uzi juu ya bangili, mara kadhaa kwa marefu na mara kadhaa kwa mapana. Kanuni yake ni nyepesi: punguza moja kutoka kila idadi, zidisha, gawa kwa mbili. Fundo la 5 na 7 ni nne mara sita, 24, nusu yake 12. Mwaka wa 1993 Peter Kronheimer na Tomasz Mrowka walithibitisha kwamba Milnor alisema kweli, na hawakuhitaji kufungua fundo hata moja. Walionyesha kwamba utando wenye vishikio pungufu ungeleta mgongano ndani ya milinganyo ya geji. Robo karne dhana ilikuwa imelala, ikaamshwa na vifaa vilivyotengenezwa kwa ajili ya chembe za atomu.

Njia nyingine ya fizikia nitaipitia mbio. Mwaka wa 1984 Vaughan Jones wa New Zealand alipata namna ya kuliandikia kila fundo fomula yake, na mwaka wa 1989 Edward Witten akaeleza kwamba fomula hiyo hutoka katika nadharia ya geji ya pande tatu. Wote wawili walipata Nishani ya Fields mwaka wa 1990. Baadaye Mikhail Khovanov akaitajirisha fomula ya Jones, na mwaka wa 2011 Kronheimer na Mrowka, kwa geji tena, wakaonyesha kwamba chombo cha Khovanov hakidanganyiki: kikisema hii ni pete tupu, ni pete tupu. Kama fomula ya Jones yenyewe nayo ina uwezo huo, hakuna aliyejibu.

Turudi Nebraska. Fundo walilolitumia ni la nyuzi mbili zilizosokotana kwa mipishano saba, kisha ncha zikaungwa. Kwa kanuni ya Milnor ni la 2 na 7: moja mara sita, nusu yake 3. (Kwa fundo dogo hivi jawabu lilikuwa likijulikana hata kwa njia za kabla ya geji.) La pili ni pacha wake wa kiooni: lile lile, ila msokoto wake wa kulia umekuwa wa kushoto.

Mizani ya tando inasemaje? Ukifunga mafundo mawili ya mkono mmoja, kulia na kulia, inasema vishikio sita, havipungui. Hapo tatu na tatu ni sita, na hakuna kompyuta itakayobadili neno. Lakini ukilifunga fundo pamoja na pacha wake wa kiooni, uzito wa huyu huondoa uzito wa yule, kama vibaba viwili katika sahani mbili za mizani moja. Upo utando usio na kishikio hata kimoja. Mizani inasoma sufuri, na sufuri haimkatazi mtu kitu chochote.

Ndio maana nasema mlango ulikuwa wazi. Walioamini dhana ile miaka yote waliiamini kwa sababu upande wa mkono mmoja ulikuwa na ushahidi mzito, na uzito huo ukawafunika macho upande wa pili. Tena macho yenyewe hudanganya. Lichore fundo la Nebraska kwa unadhifu, mipishano saba hapa na saba pale. Kata mmoja, saba inakuwa tano. Kata tena, tano inakuwa tatu. Kata tena, fundo limekwisha. Mara tatu huku na mara tatu kule, hutoki kwenye sita. Njia ya hatua tano haimo katika mchoro huo. Ilibidi kamba ivurugwe kwanza, izidishwe mipishano isiyo na haja, ndipo upatikane mkato ufaao, na kazi hiyo ya kuvuruga na kujaribu ilifanywa kwa kompyuta juu ya mafundo mengi mno. Nakiri kwamba mimi binafsi napendezwa zaidi na uthibitisho wa Kronheimer na Mrowka kuliko msako wa mashine. Hata hivyo haki ni haki: penye sufuri, aliyetafuta kwa uvumilivu ndiye aliyepata.

Kuna watakaouliza faida. Mimi huwataka wautazame mwili. Uzi wa urithi ndani ya kila chembe hai, ule wa DNA, ni mrefu na umekunjwa mahali padogo sana, na hufungana mafundo. Ndani ya chembe zimo kemikali za uhai zinazofanya hatua ile ile niliyoieleza: hukata uzi, huupitisha uzi mwingine, huunga tena. Dawa ya ciprofloxacin, inayojulikana katika kila duka la dawa, huua vijidudu kwa kuvizuia kufanya kazi hiyo. Tait alipokuwa akichora mafundo yake kwa ajili ya etha isiyokuwepo, hakuna aliyejua kuhusu uzi huo. Na nayasema haya mwaka huu kwa makusudi, kwani mwaka wa 2025, mwaka ule ule wa habari ya Nebraska, serikali ya Marekani ilipendekeza bajeti ya wakfu wake wa taifa wa sayansi ipunguzwe kwa zaidi ya nusu. Elimu ya namna hii hufa kimya, kwa sababu haina wa kuililia ila wachache wanaoisoma.

Yaliyobaki wazi ni mengi. Katika pande nne bado hakuna ajuaye kama umbo linalofanana kwa kila hali na tufe ni tufe kweli kwa ulaini wake, na ni hapo ambapo nadharia ya geji inangojewa kusema neno. Na mafundo ya mapacha wa kiooni yana hesabu yao. Mabaharia wetu wanamjua pacha mdogo kabisa: lile fundo la kufungia tanga, linalopigwa kulia kisha kushoto, ukiziunganisha ncha zake hupata fundo la mipishano mitatu pamoja na pacha wake wa kiooni. Likipigwa kulia kisha kulia, hupata mawili ya mkono mmoja, na kila baharia anajua kwamba hilo huteleza. Mizani ya tando huliona la kuteleza kuwa ni 2, na lile zuri kuwa ni sufuri. Lakini mwaka wa 1985 Mmarekani Martin Scharlemann alithibitisha kwamba hakuna mafundo mawili yaliyounganishwa yanayoweza kufunguka kwa hatua moja. Kwa hiyo fundo la tanga ni 2 kamili, tena kwa njia isiyopitia kwenye mizani hiyo. La Nebraska, kwa uthibitisho huo huo, halipungui 2, na kwa kazi ya Brittenham na Hermiller halizidi 5.